Unajenga Mombasa ukiwa mbali? Kagua kabla zege halijamwagwa

Ndugu yangu uliyeko Doha, London au Minneapolis, kasoro kubwa za nyumba hufunikwa mapema. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena, na picha za WhatsApp zitakuonyesha ukuta ulionyooka tu.

Kwetu pwani, adui mkubwa ni chumvi. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, na maji ya bomba hukatika, kwa hiyo fundi mwenye haraka atachota kisimani akorogee zege. Mwingine atakubali mchanga wa baharini kwa kuwa ni rahisi. Nyumba itapendeza, mtahamia. Miaka ikipita, nondo zinashika kutu, zinavimba, na dari inaanza kumeguka vipande. Ukarabati wake ni mzito kuliko bei ya maboza ya maji matamu. Kwenye mkataba andika wazi: maji matamu, mchanga wa mtoni. Anayepokea lori auonje mchanga ulimini, chumvi nyingi haijifichi. Nondo nazo zisilalie mbao, ziinuliwe kwa vitofali vidogo vya saruji ili zege lizifunike pande zote. Baada ya hapo zege linyweshwe maji angalau siku 7, maana jua letu hulikausha upesi likapasuka.

Pesa itoke kwa hatua: msingi, linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), slabu (sakafu ya zege), paa. Kabla ya kila zege, mhandisi uliyemtafuta na kumlipa wewe, asiyeletwa na fundi, aende saiti apime nondo kwa tepu na kukutumia picha. Slabu ikimwagwa, zichukuliwe sampuli za kupimwa nguvu maabara siku ya 28. Mjomba aliye Kisauni tumshukuru kwa kulinda saruji, lakini tusimbebeshe kazi ya mhandisi. Akikosea, undugu ndio utakaoumia.

Mkandarasi awe amesajiliwa na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, mhandisi na Bodi ya Wahandisi. Tafuta majina yao mwenyewe kwenye tovuti zao, usitosheke na picha ya cheti. Ramani iidhinishwe na kaunti kabla ya kuchimba.

Na usimalize malipo siku ya funguo. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, uzuie asilimia 10 mpaka masika yapite. Mvua za Aprili na Mei zitakuonyesha paa linalovuja, na fundi anayedai bado atarudi kuliziba.