"Rain check": maana yake, ilikotoka na namna ya kuitumia

Umemwalika Mmarekani chakula cha mchana, naye anajibu: "I'm swamped this week. Can I take a rain check?" Hajakataa. Anakwambia ratiba imembana, ila mwaliko wako anauweka hadi siku nyingine.

Usemi huu umetoka kwenye besiboli ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Mvua ikivunja mchezo mapema, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi kilichomruhusu kuingia siku nyingine bila kulipa tena. Kipande hicho ndicho "rain check". Kilikuwa na mpaka wake: mchezo kamili una vipindi tisa, na vikishachezwa vitano unahesabika. Hapo hata inyeshe gharika, tiketi yako imekwisha kazi.

Kwa hiyo "check" hapa si hundi, wala si kuchungulia mawingu. Tahajia ya Kimarekani ni "rain check", si "rain cheque".

Namna ya kuitumia: taja udhuru kwa sentensi moja, kisha sema "Can I take a rain check on lunch?" Usiisahau "on" kabla ya jambo lenyewe. Mwalikwa ndiye husema "take". Mwenye mwaliko akikubali kuahirisha, husemwa kuwa amempa mwenzake, yaani "give". Halafu malizia na siku: "How about next Friday?" Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bila siku, usemi huu mara nyingi husikika kama kukataa kwa adabu, na pengine ndivyo ulivyo. Ukijibiwa hivyo wewe, pendekeza siku moja. Ukipigwa chenga tena, achana nayo.

Usiutumie kwa kazi iliyopita muda, kodi ya nyumba wala msiba. Kikao cha ofisini kikisogezwa, "reschedule" inatosha.

Ukitafsiri, mvua iache hukohuko uwanjani: "Leo nina udhuru, ndugu yangu, ila mwaliko wako upo palepale. Tufanye Ijumaa?"

Madukani Marekani neno lina kazi nyingine. Bidhaa ya ofa ikiisha, waweza kupewa karatasi ya "rain check" ili uinunue kwa bei ileile mzigo ukiingia. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake kabla hujaondoka kaunta.