Kuondoa Theluji na Barafu kwenye Mashine ya Trekta Baada ya Kazi: Mwongozo kwa Watu wa Mombasa Walio Ughaibuni

Miongoni mwa vibarua ambavyo mtu wa Mombasa anaweza kukabidhiwa akiwa Kanada, kaskazini mwa Marekani au nchi za Skandinavia ni kuendesha trekta lililofungwa mashine ya kurusha theluji. Kuiendesha hakuchukui muda mrefu kujifunza, na kwa kawaida yupo mtu wa kukuonyesha. Jambo ambalo wengi huachiwa walijue wenyewe ni namna ya kuisafisha mashine baada ya kazi, saa ambayo mwili umechoka, vidole vimekufa ganzi na kila mtu anataka kuingia ndani anywe chai. Nusu saa hiyo ndiyo inayoamua kama kesho alfajiri mashine itazunguka au itakuwa imeshikamana kama jiwe moja, na ndiyo vilevile ambayo watu hupotezea vidole.

Kwetu Mombasa, ambako hata usiku wa Julai mtu hulala dirisha likiwa wazi, hatukuzoea kufikiri kwamba maji yanaweza kufunga chuma. Mashine hii ina parafujo kubwa mbele inayochota theluji, na nyuma yake mna feni ya chuma inayoirusha nje kupitia bomba lililopinda. Kazi ikiendelea, msuguano huvipasha moto kidogo vyuma hivyo, na theluji inayovigusa huyeyuka. Ukizima, chuma hupoa haraka, na maji yale yaliyojificha kati ya feni na nyumba yake hugeuka barafu mahali ambapo nafasi ni ndogo sana. Kwa hiyo theluji laini ambayo ungeisukuma kwa ufagio saa mbili usiku, kufikia asubuhi haitoki hata kwa nyundo. Hatari hii ni kubwa zaidi siku ambayo hewa iko karibu na nyuzi sifuri, kwa sababu theluji huwa na maji mengi na hunata. Katika baridi kali ya nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji huwa kavu kama unga na nyingi hutoka yenyewe.

Kwa sababu hiyo, usafi huanza kabla ya kuzima injini. Ukimaliza sehemu ya mwisho, iondoe mashine kwenye theluji, iache izunguke kwa kasi yake ya kazi dakika moja au mbili bila kuchota chochote, na huku ukiligeuza bomba kushoto na kulia, ukihakikisha kwamba hakuna mtu, gari wala dirisha upande linakoelekea. Mashine itajitapisha sehemu kubwa ya kilichobaki ndani.

Baada ya hapo, zima kabisa. Egesha trekta mahali palipo sawa, kata nguvu ya shafti, yaani mhimili unaoipelekea mashine nguvu ya trekta, ishushe mashine hadi iguse chini, weka breki ya mkono, zima injini, chomoa ufunguo na uutie mfukoni mwako mwenyewe, si kuuacha kwenye kiti wala kumkabidhi mwenzako. Kisha subiri mpaka kila kinachozunguka kisimame. Utaratibu huu haupunguzwi hata hatua moja, hata kama msimamizi anaita kwa sauti kutoka upande wa pili wa maegesho. Kwa wale walio Kanada, sheria za kazi za huko zinampa mfanyakazi haki ya kukataa kazi ya hatari, na kuambiwa usafishe mashine ambayo injini yake inanguruma ni kazi ya hatari kwa kipimo chochote.

Shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye trekta inastahili maneno yake peke yake. Shafti nyingi za nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Shafti yenye unene wa milimita 35 kwa mwendo huo huvuta karibu mita nzima ya kitambaa kwa sekunde, kwa hiyo ncha ya skafu, mtandio, leso iliyofungwa kiunoni au kamba ya koti ikishikwa, hakuna muda wa kupiga kelele sembuse kujinasua. Mtandio uingizwe wote ndani ya koti na zipu ifungwe, na kofia ya kubana ichukue nafasi ya skafu. Kama kifuniko cha plastiki cha shafti kimepasuka au hakipo, kibadilishwe kabla trekta halijatumiwa tena.

Sasa ndipo unapoanza kutoa theluji iliyobaki, na kanuni ni moja: mkono hauingii ndani ya bomba wala kwenye parafujo, hata injini ikiwa imezimwa. Mashine ikizibwa wakati inafanya kazi, nguvu inaweza kubaki imejikaza kwenye ukanda wa mpira unaozungusha au kwenye shafti kama upinde uliovutwa. Unapoitoa theluji iliyoizuia, feni huruka robo au nusu mzunguko kwa ghafla, na hiyo inatosha kukata. Glovu nene haisaidii kitu hapa. Tumia kifaa cha plastiki kinachokuja na mashine, ambacho mara nyingi hubanwa ubavuni mwake, au mpini wa ufagio. Chuma dhidi ya chuma hukwaruza rangi, na pale rangi ilipotoka theluji hushika vizuri zaidi siku inayofuata. Kugonga kwa nyundo katika baridi kali ni kubaya zaidi, kwa kuwa vyuma vya kusubu huweza kupasuka vikigongwa vikiwa vimepoa kiasi hicho. Nyundo ya mpira, ikigongwa taratibu upande wa nje wa bomba, huangusha vipande vya ndani bila madhara.

Anza kwenye shingo ya bomba, pale linapokutana na nyumba ya feni, kisha nyuma ya mapanga ya feni, halafu kwenye ncha mbili za parafujo ambako theluji hujisokota na kugandamana na beringi. Safisha meno yanayoligeuza bomba, maana yakiganda bomba litabaki limeelekea upande mmoja na huenda upande huo ukawa mlango wa jirani. Usisahau taa, wavu wa rejeta, na ngazi ya kupandia trekta, ambayo hujengeka barafu kutokana na nyayo zako mwenyewe.

Mashine isimwagiwe maji ya moto ikiwa nje kwenye baridi. Mtu huona yanayeyusha barafu mbele ya macho yake akadhani amepata dawa, kumbe anayapeleka kwenye beringi na nyaya, na yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Chumvi nayo isitumiwe kuyeyusha barafu ya mashine. Sisi tuliokulia karibu na bahari tunajua inavyokula mabati na magari, na barabara za huko tayari zimemwagiwa chumvi ya kutosha inayorudi na theluji ndani ya mashine. Kama ipo gereji yenye joto na mfereji wa maji, ioshe chumvi hiyo mara kwa mara, uikaushe mashine hadi mabakuli ya beringi, halafu utie grisi mahali kitabu cha mashine kinapoelekeza. Kama haipo, ufagio mkavu unatosha mpaka hali ya hewa ilegee.

Chuma kikiwa kikavu, puliza silikoni au upake nta ndani ya bomba na kwenye nyumba ya feni, ili theluji iteleze. Mafundi wa majahazi wa Bandari ya Kale hawakupaka shahamu na chokaa chini ya chombo kwa ajili ya urembo, na kazi hii ni ya aina hiyohiyo: ni ya kurudiwa, wala haidumu msimu mzima. Jihadhari mafuta hayo yasiguse ukanda wala kluchi.

Kuhusu kuegesha, chagua moja. Ama mashine ikae ndani ya joto mpaka ikauke kabisa, ama ikae kwenye banda baridi usiku kucha. Kuiingiza ndani saa moja kisha kuitoa nje ni kuyeyusha theluji na kuigandisha upya mahali pabaya zaidi. Popote itakapolala, iteremshe juu ya ubao, ili wembe wa chini usigande na sakafu. Na injini isiungurumishwe ndani ya gereji iliyofungwa kwa kisingizio cha kuipasha joto, kwa sababu moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu na huua.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, isukume feni kwa mpini ule wa ufagio ukiwa umesimama pembeni. Ikicheza, washa injini, iache ipate joto, kisha unganisha nguvu ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa. Isipozunguka, au ukisikia harufu ya mpira unaoungua, zima papo hapo, uilete kwenye joto au utumie kipuliza hewa ya moto. Moto wa gesi usiutumie, maana huunguza sili, ukanda na wewe mwenyewe ukiwa karibu na mafuta. Mashine nyingi zina boliti zilizotengenezwa zikatike mzigo ukizidi ili giaboksi isivunjike. Weka za akiba kwenye trekta, za aina ileile iliyotajwa kwenye kitabu, wala usikubali kufungiwa boliti ngumu zaidi na mtu anayekuambia kwamba hizo hazikatiki.