Hesabu pumzi, usingoje homa

Wenzangu wa ambulensi, mgonjwa mwenye dalili za maambukizi (kikohozi, kidonda chenye usaha, mama aliyejifungua juzijuzi) akikosa homa msijipe moyo haraka. Sepsisi (pale mwili unapopambana na maambukizi hadi ukaanza kuumiza viungo vyake wenyewe) kwa wazee huweza kuja na joto la kawaida, hata mwili wa baridi. Hesabu pumzi dakika nzima, macho kifuani, saa mkononi; ile “18” ya kukisia ndiyo inayotuponza. Pumzi 22 au zaidi, namba ya juu ya kipimo cha presha 100 kushuka chini, au ndugu kusema “leo haongei kama kawaida yake”: zikikutana mbili, pigeni simu hospitali mkiwa bado njiani na mtamke “nahisi sepsisi” waziwazi. Ikiwa moja tu, msiipuuze. Pimeni tena kabla ya kufika.