Somo: Kusimamia karakana ya sanaa ya watu wazima wenye ulemavu wa akili

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanaoanza kusimamia vipindi vya uchoraji, ufinyanzi au kazi za uzi kwa watu wazima wenye usonji, sindromu ya Down, mtindio wa ubongo (cerebral palsy, unaoathiri mwendo na misuli) au ulemavu mwingine wa akili au wa ukuaji waliokuwa nao tangu utotoni. Nalitilia mkazo neno "watu wazima", kwa kuwa mara nyingi nimewakuta watu wenye mvi wamepewa picha za sungura na vipepeo zilizokwisha kuchorwa, wakitakiwa kujaza rangi bila kuvuka mstari. Hiyo ni kazi ya kupoteza muda tu, na anayepewa hulijua hilo hata kama hana maneno ya kulisema.

Hatua ya kwanza ni meza. Karatasi iwe nzito, nayo ibandikwe mezani kwa utepe wa karatasi katika pembe zote nne, maana mtu mwenye mtindio wa ubongo akivuta brashi na karatasi ikamfuata, atamaliza nguvu zake kushindana na karatasi. Mpini mwembamba wa brashi uviringishie kipande cha sponji na kukifunga vizuri, hadi ujae kiganja. Rangi zote ziwe zisizo na sumu, na kama yupo mwenye tabia ya kumeza vitu, shanga na vifungo visifike kabisa katika meza hiyo. Uliza mapema nani ana kifafa na nani hukerwa na kelele au harufu, kisha mpe kila mmoja kiti kisichobadilika.

Hatua ya pili ni kuchagua. Swali la "Unataka kuchora nini?" ni pana mno, badala yake weka mbele ya mtu vitu viwili, kwa mfano kalamu ya nta na brashi, kisha ungoje. Hesabu hadi 30 kimoyomoyo bila kurudia swali, kwa sababu anayehitaji muda wa kulielewa hulazimika kuanza upya kila unapolirudia. Jibu laweza kuwa mkono ulionyooshwa, jicho lililotua upande mmoja, au kitu kimoja kusukumwa mbali. Siku nyingine vibadilishe pande, usije ukadhani mtu anapenda brashi kumbe anapenda kulia kwake.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni subira ya miezi. Judith Scott, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943 akiwa na sindromu ya Down, aliishi miongo kadhaa katika taasisi ambako kwa muda mrefu haikutambuliwa hata kwamba alikuwa kiziwi. Dada yake pacha, Joyce, alimtoa huko, na mwaka 1987 Judith akaanza kwenda Creative Growth, karakana ya sanaa ya watu wenye ulemavu mjini Oakland, California, iliyoanzishwa mwaka 1974 na Florence Ludins-Katz na mumewe Elias Katz. Kwa karibu miaka miwili hakuonyesha hamu yoyote ya kuchora. Alipokutana na nyuzi, alianza kuviviringishia vitu nyuzi tabaka juu ya tabaka hadi kilichomo ndani kisionekane tena, naye akaendelea hivyo hadi alipofariki mwaka 2005. Ninachokizingatia katika habari hiyo ni ile miaka miwili, kwani vituo vingi vingekuwa vimeshaandika kwenye faili lake kwamba sanaa haimfai.

Hatua ya nne ni mkono wako mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza bwana mmoja alichora uso usio na macho, nami, nikidhani namsaidia, nikaongeza nukta mbili. Aliiweka brashi chini taratibu, akaigeuza karatasi kifudifudi, na hakuigusa tena. Tangu siku hiyo naruhusu mkono wangu ushike karatasi, ufungue chupa, uchanganye rangi niliyoelekezwa, na uishie hapo. Ukilazimika kuonyesha namna ya kutumia kifaa, onyesha kwenye karatasi yako, kisha uiondoe mezani.

Kazi ikiisha, na mwenye kusema imeisha ni aliyeifanya, andika nyuma jina lake na tarehe.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu huchora duara lile lile kila siku. Je, nimwelekeze kwenye kitu kingine?

Jibu: Marahaba. Usimwondoe kwenye duara. Panga michoro yake kwa tarehe na uitandaze sakafuni, huenda ukaona duara linasogea, linanenepa au linabadili rangi. Unachoweza kubadilisha ni ukubwa wa karatasi au aina ya kalamu. Dan Miller, msanii mwenye usonji wa Creative Growth, huandika maneno juu ya maneno hadi yasisomeke, na kazi zake zimo katika hifadhi ya Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa la New York.

Swali: Mtu anataka kununua mchoro wa mwanangu, ambaye haelewi thamani ya fedha. Niuze?

Jibu: Mama, mchoro ni mali yake. Mwonyeshe mchoro wenyewe, mnunuzi, na picha ya ukuta utakapotundikwa, halafu umpe muda. Akiuvuta kwake, amekataa. Akikubali, fedha zitumike kwa ajili yake na ziandikwe. Hata pale sheria inapomtaka mlezi atie saini, saini hiyo haiondoi haja ya kumuuliza.

Swali: Yupo anayechana kila karatasi. Nifanyeje?

Jibu: Tazama uso wake. Akichana kwa utulivu, mpe karatasi nyingi zaidi pamoja na gundi. Akichana kwa hasira, chunguza kilichotangulia, huenda ni kelele au jirani aliyemkaribia mno.

Swali: Je, hii si tiba tu iliyopewa jina jingine?

Jibu: Tiba ya sanaa ni taaluma yenye wataalamu wake na malengo ya kiafya. Hapa lengo ni kazi yenyewe. Nnena Kalu, mwenye usonji na anayezungumza kwa maneno machache, alitunukiwa Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa nchini Uingereza, mwaka 2025 kwa sanamu na michoro yake, wala si kwa faili lake la hospitali.

Swali: Binti mmoja hakubali kuacha muda ukiisha, na basi linamsubiri.

Jibu: Mwonyeshe kadi yenye picha ya basi dakika 10 kabla, na tena dakika 5 kabla. Mwache aitumbukize brashi majini yeye mwenyewe. Mchoro usiuondoe mbele yake, na kipindi kijacho aukute umebandikwa mahali palepale, rangi aliyoiachia ikiwa karibu.