Somo: Kupika kahawa nyumbani kwa kuufuata ulimi wako

Assalaam aleikum wanachama. Juzi mmoja wetu alilalamika kwamba kahawa anayopika nyumbani ni kama dawa ya mitishamba, ilhali ya mzee wa dele (lile birika la shaba la kahawa) pale Makadara, hapa Mombasa, anakunywa vikombe vinne bila sukari na bado anatamani cha tano. Akauliza anunue mashine gani. Asinunue chochote kwanza.

Tuelewane kwenye maneno, maana hapo ndipo tunapopotezana. Mtu akisema kahawa ni "kali", huenda ana maana tatu. Uchungu ni ule wa mwarobaini, unaobaki kinywani hata ukishameza. Uchachu ni wa ukwaju na embe bichi, unaojaza mate. Ukakasi ni wa bibo: ulimi unakauka na kukwaruza. Na hapa mjini ukiagiza kahawa tungu, mara nyingi unasema tu isitiwe sukari, hilo ni jambo jingine kabisa.

Maji ya moto yakikutana na unga wa kahawa, uchachu hutoka wa kwanza. Utamu hufuata. Uchungu na ukakasi huja nyuma. Kwa hiyo kahawa chachu na nyepesi imeepuliwa mapema, na ile chungu yenye ukakasi imekawia. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata ni kazi ya mikono tu.

Hatua ya 1: Buni

Kahawa zina aina mbili kubwa, Arabika na Robusta. Karibu yote inayolimwa Kenya ni Arabika, na ile ya Nyeri na Kirinyaga ina uchachu wake wa asili, wa matunda. Asiyeuzoea hudhani imeharibika. Robusta, inayotoka Uganda kwa wingi na kupitia bandari yetu ya Kilindini kwenda ng'ambo, ni nzito na chungu zaidi, na kafeini yake hukaribia maradufu ya Arabika. (Wenye fahari ya Pwani mjue kwamba mapadri wa misheni walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka 1893. Msidhani kahawa ni ya bara peke yake.)

Herufi AA kwenye pakiti zisikubabaishe. Zinaeleza ukubwa wa punje, si ladha. PB ni punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Nimekunywa AB, yenye punje ndogo kidogo, iliyoiacha AA mbali.

Kinachobadilisha ladha kuliko herufi ni kukaangwa. Iliyokaangwa kiasi, ikabaki kahawia, huhifadhi uchachu. Iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi na kung'aa mafuta hupoteza uchachu na kupata uchungu. Nunua gramu 250 kwa wakati, zenye tarehe ya kukaangwa, maana joto na unyevu wa huku havina huruma. Weka kwenye kopo linalobana, kabatini, si kwenye friji karibu na samaki.

Hatua ya 2: Maji

Hapa mnivumilie kidogo. Nilipohama Mji wa Kale kwenda Kisauni, kahawa yangu ilikufa. Pakiti ile ile, sufuria ile ile, lakini kikombe kimefifia kama kahawa ya jana iliyopashwa moto. Nikaenda dukani nimevimba, nikamwambia muuzaji ameniuzia mabaki. Hakubishana. Alichota kutoka pakiti yangu mwenyewe, akapika mbele yangu kwa maji ya dumu lake, akanipa. Ilikuwa kahawa ninayoijua. Kisha akaniuliza kwa upole, "Huko ulikohamia mwatumia maji ya kisima?" Hadi leo nikipita pale nazunguka upande wa pili.

Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Chokaa huua uchachu, kahawa ikabaki haina uso wala mgongo, na chumvi nayo ikaongeza yake. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Tazama ndani ya birika lako: ukiona ukoko mweupe, umepata jibu. Tumia maji ya kunywa ya dumu, au ya mfereji siku yanapotoka. Maji matupu ya mvua nayo yanakosa madini, kahawa hutoka na makali yasiyo na mwili. Ukiyachanganya na ya mfereji yanafaa.

Hatua ya 3: Kusaga

Saga ile tu unayokwenda kunywa. Kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo ladha inavyotoka upesi. Kwa kupika na sufuria tunataka chembe kama mchanga wa ufuoni, si kama unga wa sembe. Kinu na mchi vinatosha ukitwanga kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Kupika

Gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji, yaani gramu 60 kwa lita. Asiye na mizani atumie vijiko vikubwa vitatu vilivyosawazishwa. Chemsha maji, epua, hesabu mpaka thelathini. Tunayataka kwenye nyuzi 92 hadi 96. Tia kahawa, koroga mara moja, funika, ngoja dakika 4. Funua, vunja lile tabaka la juu kwa kijiko, unga uzame, kisha chuja kwa chujio la chai ulilotandika kitambaa safi.

Kitambaa kisiwe kile cha tui! Hata kikifuliwa hakisahau. Nilijaribu mara moja, mafuta yakaelea juu, mke wangu akanusa kikombe akauliza wali uko wapi.

Hatua ya 5: Kuonja na kurekebisha

Onja ikipoa kidogo, kwani ya moto sana huficha ladha. Ikiwa chachu na nyepesi, saga laini zaidi au ongeza dakika moja. Ikiwa chungu na yenye ukakasi, saga nene au punguza muda. Ikiwa ladha ni nzuri ila ni maji-maji, ongeza kahawa, usiguse muda. Ikizidi uzito, ongeza maji ya moto baada ya kuchuja.

Badilisha kitu kimoja kwa siku, na uandike. Kahawa moja ya Kirinyaga ilinisumbua hivi: siku ya kwanza, dakika 4, ukwaju mtupu. Siku ya pili nikasaga laini kwa dakika zile zile, uchachu ukatulia lakini ukakasi ukaingia. Siku ya tatu nikarudia unga wa kwanza, nikangoja dakika 5. Ndipo ikaja na utamu kama wa zabibu kavu, na sukari nikaisahau mezani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni:* Shikamoo ami. Nasaga kwa blenda ya viungo. Nusu inakuwa vumbi, nusu mawe.

Marahaba mwanangu. Bonyeza na kuachia, sekunde mbili mbili, huku ukiitikisa. Usiiache izunguke tu, itapata joto. Kisha pitisha kwenye chekecheke, vumbi uliweke kando. Na uioshe blenda vizuri kabla, bizari ya jana hujitokeza kwenye kikombe.

*Mwanachama wa Changamwe:* Kaka, mimi bila maziwa siwezi. Nichemshe pamoja kama chai?

Dada yangu, majani ya chai huvumilia kuchemshwa, kahawa hukulipa uchungu. Pika nzito, gramu 25 kwa mililita 250, chuja, ndipo umimine maziwa ya moto nusu kwa nusu. Hapa chukua iliyokaangwa nyeusi, hata yenye Robusta ndani. Maziwa humeza ladha ya kahawa nyepesi, na iliyo chachu mno inaweza kuyakata.

*Mwanachama wa Kibokoni:* Kila Ramadhani siku tatu za kwanza kichwa chanipasuka. Ni kahawa?

Yawezekana sana. Aliyezoea kafeini akiikosa, kichwa huanza kuuma baada ya saa 12 hadi 24, na huenda kikaendelea siku kadhaa. Punguza polepole kuanzia katikati ya Shaabani, kikombe kimoja kila baada ya siku chache, usikate ghafla. Baada ya tarawehe iwe kidogo: saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini, na daku inakungoja. Kichwa kisipotulia, muone daktari.

*Mwanachama wa Mji wa Kale:* Mwalimu, wasema kahawa isichemshwe. Mbona mzee wa dele anaiacha juu ya makaa jioni nzima na sote twaipanga foleni?

Nilijua swali hili litakuja. Ile ni kahawa nyingine. Imekaangwa nyeusi, haina uchachu wa kupoteza, na uchungu ndio unaotafutwa. Tangawizi inaushika, kikombe ni cha mafunda machache, na utamu hauko ndani ya dele, uko kwenye kashata au tende mkononi mwako. Kunywa kikombe kikubwa cha ile kahawa peke yake uone kama utakimaliza.

Ukitaka kuijaribu nyumbani: nusu lita ya maji, vijiko vikubwa vinne vya kahawa nyeusi iliyotwangwa nene, na kipande cha tangawizi kavu kilichopondwa. Ichemke kwa moto mdogo dakika 10, epua, iache itulie dakika 5, mimina bila kutikisa. Kama ni dele la kurithi, chungulia ndani kwanza. Bati likiwa limetoka na shaba inaonekana, lisitumike mpaka litiwe bati upya. Sufuria itakutosha kwa sasa, ila kashata zisikosekane.