Picha Imekwama Wapi? Kufuatilia Upakiaji wa Faili kwenye Huduma ya Java

Mkulima wa miwa kule Muhoroni anapiga picha risiti ya mizani, anabonyeza "Tuma", kiduara kinazunguka, kisha kimya. Atakuambia mtandao ni mbovu. Karani wa ofisi mjini Kisumu naye atasema vivyo hivyo. Mara nyingi mtandao hauna hatia: ombi limefika kwenye seva likakataliwa hapo. Hapa nachukulia kwamba unatumia Spring Boot (mfumo wa kuundia huduma za Java) yenye Tomcat ndani yake (seva inayopokea maombi ya wavuti) na Nginx mbele (seva ya mlangoni inayopokea maombi kutoka nje na kuyapitisha kwa Java), mpangilio wa kawaida kwenye seva ndogo.

Hatua ya 1: Iruke Nginx

Ingia kwenye seva yenyewe, uipelekee Java faili moja kwa moja kwa `curl`, amri ya kutuma maombi ya wavuti:

`curl -v -F "picha=@risiti.jpg" http://localhost:8080/risiti`

Rudia kwa kutumia anwani ya nje. Ikipita ndani lakini ikakataliwa nje, usiguse hata mstari mmoja wa Java. Jaribu faili mbili, moja ndogo ya KB 50 na nyingine picha halisi kutoka kwa simu, ambayo aghalabu ni MB 3 au zaidi. Ndogo ikipita na kubwa ikakwama, shida ni ukubwa. Zote zikikwama, ruka hadi hatua ya 3.

Hatua ya 2: Mipaka ya ukubwa

Iko mitatu, na kila mmoja una tabia yake.

Nginx usipoiambia kitu haipokei ombi lenye mwili unaozidi MB 1. Likizidi, inajibu kwa msimbo 413 (ombi ni kubwa mno), na Java haitajua kamwe kwamba kuna mtu aliyebisha hodi. Logi ya programu yako itakuwa safi kabisa, na usafi huo ndio ushahidi. Weka hivi:

`client_max_body_size 12m;`

Hakikisha kwa `nginx -t`, ndipo uisomeshe mipangilio upya.

Spring Boot nayo hukubali MB 1 kwa faili moja na MB 10 kwa ombi zima. Ukizidisha, jina `MaxUploadSizeExceededException` litajitokeza kwenye logi. Badilisha:

`spring.servlet.multipart.max-file-size=10MB`
`spring.servlet.multipart.max-request-size=12MB`

Ombi lipewe nafasi kubwa kuliko faili, maana linabeba pia namba ya mkulima na maandishi mengine ya fomu.

Mpaka wa tatu ndio mjanja. Spring ikishakataa faili, Tomcat huendelea kumeza mabaki ya ombi hadi MB 2, kisha hukata muunganisho. Anayetuma alikuwa bado anatuma, kwa hiyo huenda asilione jibu lolote. Anachoona ni `connection reset` (muunganisho umekatwa), au msimbo 502 kutoka kwa Nginx ikiwa iko mbele. Hapo ndipo lawama zote humwangukia mwenye mnara wa simu. Unaweza kuongeza `server.tomcat.max-swallow-size`, ila kwa kiasi: ukiweka -1 umemruhusu mtu yeyote akumwagie data bila kikomo. Mimi ningetaka programu ya simu ipunguze picha kabla ya kuituma. Risiti husomeka vizuri tu ikiwa ndogo, na bando ni pesa ya mkulima.

Hatua ya 3: Jina na kichwa cha ombi

Ukipata msimbo 400 (ombi lina kasoro) na maneno `Required part 'picha' is not present` (matoleo ya zamani huandika `Required request part`), linganisha jina lililo kwenye `@RequestParam("picha")` na lile ambalo fomu inatuma. `Picha` na `picha` si kitu kimoja.

Ukiona `no multipart boundary was found`, kuna mtu ameandika `Content-Type` kwa mkono upande wa JavaScript. Aifute. Akitumia `FormData`, kivinjari hujiwekea kichwa hicho pamoja na alama ya kutenganisha sehemu.

Hatua ya 4: Foda ya muda

Dalili yake ni hii: huduma imefanya kazi siku kadhaa, ghafla inagoma, ukiiwasha upya inapona. Logi inasema `The temporary upload location ... is not valid`. Tomcat ilijitengenezea foda ndani ya `/tmp`, na mifumo mingi ya Linux huifagia `/tmp` mara kwa mara. Wapo wanaoizima na kuiwasha huduma kila wiki wakiita hayo matengenezo. Tengeneza foda ya kudumu:

`spring.servlet.multipart.location=/var/lib/risiti/muda`

Foda hiyo imilikiwe na mtumiaji anayeendesha huduma, la sivyo utakutana na kosa la kukosa ruhusa ya kuandika. Chungulia pia nafasi ya diski kwa `df -h`. Diski iliyojaa haibishani na mtu.

Hatua ya 5: Kuhifadhi

Ipe `transferTo`, amri ya Java inayohifadhi faili iliyopakiwa, njia kamili. Ukiandika `new File("picha/a.jpg")`, njia hiyo itahesabiwa kuanzia kwenye foda ya muda, si pale programu ilipo. Usihifadhi kwa jina linalotoka `getOriginalFilename()`, kwa sababu mtumaji anaweza kuchomeka `../` ndani yake, yaani kutoka nje ya foda yako. Tumia `UUID.randomUUID()`, inayotengeneza jina la kipekee la kubahatisha, na jina la asili likae kwenye hifadhidata.

Hatua ya 6: Sasa ujaribu mtandao

Kutoka kwenye kompyuta yako, ongeza `--limit-rate 20k` (KB 20 kwa sekunde) kwenye amri ya `curl` uelekeze anwani ya nje. Picha ya MB 4 itachukua zaidi ya dakika 3, na inapaswa kufika. Nginx husubiri sekunde 60 kati ya kipande kimoja cha data na kingine, si kwa ombi zima. Kwa hiyo `curl` ikifika salama huku simu ikikata tamaa njiani, kagua muda wa kusubiri uliowekwa kwenye programu ya simu.