Kuomba mbegu za mboga za asili kutoka benki ya vinasaba

Benki ya vinasaba, yaani hifadhi ya sampuli za mbegu za aina nyingi, si duka la pembejeo. Hutoa pakiti ndogo yenye mbegu chache kwa utafiti, uboreshaji wa mbegu au mafunzo. Kuzizalisha zikutoshe ni kazi yako.

Anza na tovuti ya Genesys (genesys-pgr.org), inayokusanya kumbukumbu za benki nyingi duniani. Kwa mboga za Kiafrika, angalia kwanza World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Shanhua, Taiwan, na kituo Arusha. Msimbo wake kwenye Genesys ni TWN001. Kenya ina benki ya taifa Muguga.

Wengi hukwama kwenye majina. Tafuta kwa jina la kisayansi, tena la zamani na jipya. Mgagani umeandikwa Cleome gynandra kwingine na Gynandropsis gynandra kwingine. Ukitumia moja tu, unakosa sampuli nyingi. Mnavu ni taabu zaidi: Solanum scabrum na Solanum villosum mara nyingi ziliorodheshwa kama Solanum nigrum tangu zilipokusanywa. Kwa hiyo soma zote tatu, kisha omba picha au maelezo ya majani na matunda kabla ya kuamua.

Baada ya hapo chuja orodha uliyopata. Kwenye kipengele cha hali ya kibiolojia, namba 300 ni mbegu za asili za wakulima, 100 ni za porini, 500 ni zilizoboreshwa. Tazama nchi na mwinuko zilikokusanywa, na kama sampuli inapatikana kwa kugawiwa. Chagua chache zinazolingana na eneo lako, unakili namba ya kila moja herufi kwa herufi. Orodha ndefu isiyo na sababu huchelewesha ombi, maana kila pakiti inapunguza akiba ya benki.

Kwenye ombi eleza utafanya nini, wapi na lini. Kwa kawaida utatakiwa kukubali mkataba sanifu wa kuhamisha sampuli, SMTA. Usome: unaruhusu utafiti, uboreshaji na mafunzo kwa ajili ya chakula na kilimo, si dawa wala kemikali. Ukimpa mwingine mbegu hizo, naye lazima apokee kwa mkataba uleule.

Kama mbegu zinavuka mpaka, pata kibali cha kuingiza mimea kabla hazijatumwa: mamlaka ya afya ya mimea Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Mpelekee mtumaji nakala, kwa sababu cheti cha afya ya mimea cha nchi yake kinapaswa kutimiza masharti ya kibali hicho. Jina la mmea likitofautiana kati ya karatasi hizo mbili, kifurushi kinaweza kuzuiliwa au kuteketezwa.

Pakiti ikifika ingali baridi, iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya mbegu. Usipande zote, bakiza nusu pakavu na pa baridi. Mbegu za mgagani zilizovunwa karibuni hulala bila kuota kwa miezi, na mwanga huzizuia kuota, hivyo zijaribu gizani, kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Mchicha huchavushwa na upepo: sampuli mbili zikichanua jirani, mbegu utakazovuna zitachanganyika na namba uliyoandika kwenye kibao haitakuwa na maana. Panda moja kwa msimu, au zifunike mashuke kwa mifuko kabla hayajachanua.